Njoo Ukiwa Mkavu

Kama umeandikiwa kliniki ya moyo na siku yenyewe haijafika, najua unavyokaa. Unakaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha: unanyoosha hapa, unashika pale, hujui uso uuweke wapi. Nimekaa hivyo. Sasa naweza kupanda njia ya kwenda kwa mama bila kusimama penye kila kivuli, kwa hiyo nimeona niandike. Wakati wangu nilitafuta mtu wa kunieleza mambo madogo madogo nikamkosa. Madaktari walinieleza yale makubwa, na walinieleza vizuri. Hakuna aliyenieleza kuhusu viatu, wala kuhusu makande.

Naitwa Elisante. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kushindwa masomo bali kwa sababu nilitaka kuona barabara inaishia wapi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalianza kujaa, malori ya watu binafsi yakawa mengi, mitumba ikamwagwa kila kona ya mji, na mtu asiye na cheti akaweza kushika kazi hii leo na nyingine kesho. Nilikuwa utingo wa malori. Nilichekecha mchanga Mererani nikitafuta mawe ya bluu. Nilifagia karakana ya mafundi Sakina mpaka nikajua kufungua injini. Mwisho nikaingia kwenye shamba la maua Usa River, na huko ndiko pumzi iliponikatikia.

Ilianza masika. Nilikuwa nabeba ndoo za maua kutoka kwenye vitalu, kazi ambayo wasichana wembamba waliifanya huku wakiimba. Mimi nikawa nasimama katikati ya njia nikijifanya naangalia mawingu. Baadaye nikashindwa kulala chali. Nikilala nasikia kama nimelala chini ya bomba linalovuja. Nikawa nalala nimekaa, nimeegemea ukuta. Siku moja niliinama kufunga kamba ya kiatu, nikaamkia hospitali.

Walinipima, wakaniambia mlango mmoja wa moyo umekakamaa kwa sababu ya homa za utotoni, zile zilizokuwa zinanivimbisha magoti na mama akadhani ni kukua. Nikapewa vidonge vya kutoa maji mwilini, vingine vya kutuliza mapigo, na sindano moja nene ya kila mwezi. Hiyo sindano ukichomwa unatembea upande upande kama kaa. Tangu hapo niliacha kutaja miezi kwa majina yake. Mvua ziliisha kwenye sindano ya pili. Ukungu wa baridi uliufunika Mlima Meru kwenye sindano ya nne, na siku hiyo ndipo sista wa kliniki aliponivuta pembeni. Alikuwa mama mnene, mwenye viatu vyeupe na sauti ya mwalimu wa kwaya.

"Elisante, sikiliza vizuri, na usiniulize swali mpaka nimalize."

"Kwa nini?"

"Umeshauliza."

Nikafunga mdomo. Akaniambia kwamba daktari bingwa wa moyo atakuja kahawa ikiisha kuvunwa, na atachagua watu wa kupelekwa India kutengenezwa milango ya mioyo. Jina langu atalikuta mezani.

"Lakini mtu aliyejaa maji hasafirishwi," akasema. "Hiyo safari itamuua kabla ya kisu. Kwa hiyo njoo ukiwa mkavu. Miguu mikavu, kifua kikavu. Ukija umevimba, nafasi yako anapewa mwenzako, na wewe unasubiri mpaka daktari arudi tena. Na mimi nimekusikiliza huo moyo. Sidhani kama una subira."

"Nifanyeje niwe mkavu?"

"Chumvi hakuna. Si kidogo, hakuna. Vidonge kila siku. Maji kwa kipimo nilichokupa. Kila asubuhi kabla ya chai jipime uzito, uandike kwenye kadi. Uzito ukipanda ghafla hayo ni maji, usidanganywe kwamba umenenepa. Na siku ya kliniki uje na mtu anayekupikia. Siyo mke, siyo shangazi, siyo mchungaji. Anayekupikia."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo si ya mgonjwa. India! Nilikuwa nimefika Tunduma na nimefika Voi, na nilikuwa nadhani nimetembea.

Nilikuwa nakaa Sakina kwa dada yangu mkubwa, Ruthi, ambaye ana duka la nafaka kando ya barabara ya Nairobi. Kwake kujiandaa kulikuwa rahisi, kwa sababu kulikuwa na mizani. Ni ile mizani mikubwa ya kupimia magunia, yenye sakafu ya bati na mkono wa chuma. Kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa nilipanda juu yake, na Ruthi akasogeza kidude cha chuma kwenye mkono kwa umakini uleule anaowafanyia wateja. Kama mteja amewahi, hapo hakosi la kusema.

"Dada Ruthi, gunia hilo la nini?"

"La mdogo wangu."

"Limekauka? Maana usije ukaniuzia bichi."

"Linakaukia India," anajibu Ruthi. "Wewe chukua maharage yako."

Dada alinipikia bila chumvi, akawa anasimama mlangoni kuhakikisha sitoroki kwenda kwa muuza mishikaki. Uzito ulishuka taratibu. Vifundo vya miguu nilivyokuwa nimevisahau vikajitokeza tena, nikawa navitazama kama ndugu waliorudi kutoka safari. Ruthi akafurahi mpaka akaninunulia viatu vya mtumba vya kuvaa siku ya kliniki, vyeusi, vya ngozi halisi, vilivyonikaa sawasawa. Nakushauri usinunue viatu mapema.

Tatizo lilikuwa mimi. Mtu niliyezoea kulala Dodoma leo na kesho Singida, nilikuwa nakaa kwenye kigoda kutwa nzima nikihesabu malori yanayokwenda Namanga. Niliyajua kwa mlio. Nilimwuliza kila dereva aliyesimama amebeba nini, anapeleka wapi, na kwa nini gurudumu la nyuma linalia, mpaka mafundi wa jirani wakamwomba Ruthi aniingize ndani. Ndipo zikaja salamu kutoka kwa mama, zimepitia kwa watu wa kanisani: mniletee mwanangu kwenye hewa safi, huko mnamfukiza moshi.

"Huko hakuna mizani," akasema Ruthi.

"Msimu wa kahawa huu," nikasema. "Mizani imejaa mlima mzima."

Alijua ni kiguu na njia kinachonisukuma. Lakini pumzi yangu ilikuwa mbaya kwa vumbi la Sakina, na alikuwa na magunia ya kupokea. Mteja wake mmoja mwenye pikapu akanipandisha mpaka juu ya Usa River, kwenye migomba na kahawa za mama.

Mama yangu, Mama Ruthi kama wanavyomwita huko, alilipokea agizo la chumvi kama mtu anavyopokea nadhiri. Alinikalisha, akaniuliza sista alisema nini neno kwa neno. Kisha akachukua mfuko wa chumvi aliokuwa nao akampa jirani, akarudi akaosha hata kikombe alichokuwa anachotea.

"Mama, wewe kula chumvi yako. Anayeumwa ni mimi."

"Nikupikie wewe chungu chako na mimi changu? Nimekuwa hoteli?"

Tukala pamoja bila chumvi. Ndugu yangu, sitakudanganya. Makande ya mahindi na maharage bila chumvi ni kama kutafuna barua ya serikali. Mboga ya mnavu ni chungu yenyewe, haina wa kuituliza. Siku za mwanzo nilikula nikiwa nimefumba macho, nikilalamika, na mama ananitazama. Halafu, baada ya wiki kama mbili hivi, chakula kikaanza kuwa kitamu. Makande yakawa laini, yana kaladha fulani ka kupendeza. Nikadhani ulimi umezoea. Nikamsifu mama, nikaongeza sahani.

Kuhusu mizani sikuwa nimedanganya. Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua kahawa, kwa hiyo penye njia panda yetu kulikuwa na mizani mbili zinazotazamana: ya chama cha ushirika, ya zamani, imening'inizwa kwenye boriti ya ghala, na ya mnunuzi mmoja aliyekuja na pikapu jipya, imening'inizwa kwenye mti wa mruka. Nilikwenda asubuhi, nikaomba kupimwa. Wakanifunga kwa kamba ya gunia chini ya makwapa, nikaning'inia kama mbuzi wa sikukuu. Karani wa mnunuzi akasoma, akalinganisha na kadi yangu, akaniambia nimepungua. Nikavuka barabara na furaha yangu, nikaning'inia kwenye ile ya ushirika. Karani wa ushirika akasoma, akaniambia nimeongezeka, tena si kidogo.

Basi ukazuka mjadala. Wazee waliokuwa na ndoo zao za kahawa walinizunguka.

"Mnaona?" alisema mzee mmoja. "Kama anamwibia mgonjwa, mimi na kahawa yangu nitapona?"

"Mzee, mizani yetu ni mpya!" akapaza sauti karani wa mnunuzi.

"Upya wake ndio unaonitia wasiwasi."

Walitaka nirudi kuning'inia tena ili ushahidi upatikane. Nilining'inia mara tatu asubuhi hiyo kwa faida ya wakulima wa Meru, nikarudi nyumbani makwapa yamechubuka. Kwenye kadi niliandika uzito wa mnunuzi binafsi, kwa sababu ulinifurahisha. Na mama alipouliza nikamwambia nimepungua. Akanitazama usoni.

"Mizani hiyo ina kasoro. Wewe umenawiri."

Hata majirani waliona. Walipopita kwenda kanisani walisimama kwenye ua. "Mama Ruthi, hongera! Kijana amejaa! Mashavu haya hakuja nayo!" Mama akawa anashukuru na kujirekebisha kitenge. Kwetu sisi mtu akipona lazima anenepe. Mgonjwa aliyekonda ni aibu ya aliyempikia. Nami nikajishika mashavu nikaona kweli, yamejaa.

Siku moja ya Jumapili nikataka kuvaa viatu vyangu vya kliniki nikasalimie watu. Mguu haukuingia. Nikajaribu mwingine. Nikapaka mafuta. Nikakaa kitandani na kile kiatu mkononi, na hapo nikajua mizani ya ushirika ilisema kweli.

Ruthi alikuja wiki hiyohiyo. Alinikuta uani. Hakunisalimia, alipiga goti, akanibonyeza ugokoni kwa kidole gumba, akakitoa. Kikabaki kishimo ambacho ungeweza kutilia ndimu.

"Mama!" aliita. "Umemtilia chumvi."

Mama akatoka jikoni na mwiko. "Nani? Mimi?"

"Alitoka kwangu mkavu. Tazama mguu huu."

"Alitoka kwako ana chipsi za barabarani tumboni. Unadhani sijui watu wa Sakina mnavyokula?"

"Nilimlinda kama mwizi!"

"Basi ingia jikoni, tafuta hiyo chumvi. Ukiiona, nitakula mfuko mzima mbele yako."

Ruthi akaingia kweli. Alifungua kila chungu, akanusa kila kopo, akaramba vidole. Chumvi hakuna. Akatoka amenuna, mama naye akakaa amenuna, na kwa siku mbili zilizofuata wale wanawake wawili wakawa wanazungumza kupitia kwangu huku wamekaa mkeka mmoja. "Mwambie dada yako chai ipo." "Mwambie mama nimeiona." Nilicheka, lakini niliogopa. Pumzi ilikuwa imeanza tena kufupika. Nilishaanza kulala nimekaa. Kliniki ilikuwa imebaki majuma mawili, na nafasi ya India nilikuwa naiona inanipita kama basi lisilosimama.

Kiu ndiyo iliyoniokoa. Nilikuwa nakunywa maji kwa kipimo, na kipimo kilikuwa hakinitoshi kabisa. Asubuhi moja, baada ya makande ya jana yake, nilikaa nikiilamba midomo iliyokauka, nikajiuliza kiu hii nimewahi kuiona wapi. Maana haikuwa kiu ya jua. Ilikuwa kiu inayokaa nyuma ya ulimi, unakunywa inakucheka. Nikakumbuka: nilikuwa utingo wa lori lililobeba magadi kutoka Ziwa Natroni, nimelala juu ya magunia, vumbi jeupe linaingia mdomoni. Safari ile nilimaliza dumu zima la maji na bado nilishuka nikimtafuta mwenye kisima.

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amechutama, anachochea moto.

"Mama, makande unatia nini?"

"Mahindi na maharage. Umesahau?"

"Na nini?"

"Maji."

"Na nini kingine?"

"Elisante, tangu utoto wako wewe ni maswali. Na magadi, kama watu wote. Maharage yatalainikaje?"

"Na mnavu?"

"Mnavu bila magadi nani atakula?"

"Unatia kiasi gani?"

Aligeuza kuni ambayo haikuhitaji kugeuzwa. "Zamani natia kidogo tu. Ulipokuja ukawa huli, unalalamika chakula hakina ladha. Nikaongeza kidogo. Ulipokula nikaongeza kidogo tena." Akaniangalia. "Sista alisema chumvi. Nimekuuliza neno kwa neno. Magadi hakuyataja."

Ni kweli hakuyataja, na mimi sikumwuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Hakuna mtu mlimani kwetu anayehesabu magadi kuwa kitu cha kula. Ni kitu cha kulainishia, kama moto ulivyo kitu cha kuivishia.

Sikuwa na uhakika, kwa hiyo nilishuka mpaka zahanati ya usharika. Ni mwendo mfupi, lakini nilipumzika kwenye kila uzio. Nesi wa pale alikuwa anaandika. Nilipomaliza kumweleza aliweka kalamu chini.

"Kwa muda gani?"

"Tangu nimekuja. Kila siku. Mara mbili."

"Kwa moyo wako magadi na chumvi ni kitu kimoja, yanavuta maji vilevile. Acha leo. Siyo kesho. Chakula cha mchana kilichoko jikoni sasa hivi, usile."

Nilirudi nikamwambia mama. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mlango. Halafu akaingia ndani, akatoka na kopo la magadi na ile sufuria ya makande ya mchana, akaenda navyo mpaka nyuma ya zizi, nikasikia vinamwagwa. Aliporudi alikaa kwenye kizingiti. Sijawahi kumwona mama amekaa saa ya kazi.

"Ningekuzamisha kwa mwiko wangu mwenyewe," akasema.

"Mama, hukujua. Hakuna aliyejua."

"Watu wamekuwa wakinipongeza barabarani." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Ruthi atalijua hili, hana kazi nyingine ya kufanya. Lakini hospitali usiseme. Niahidi. Watasema mama wa mlimani amemlisha mwanawe magadi kama ng'ombe."

Nikaahidi. Ningeahidi chochote ili anyanyuke pale.

Majuma hayo mawili tulihangaika kwa furaha. Ruthi alipojua, nilitegemea vita, lakini alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaungama kwamba maharage yake ya Sakina huyachemsha kwa magadi vilevile, ila kidogo, kwa kuwa yeye hupika kwa mkaa na hana haraka. Wakaanza kuzungumza bila kunipitia mimi. Mama aliloweka maharage usiku kucha, akatia tangawizi, ndimu, kitunguu saumu, karanga za kusaga. Kila alichotia alikitaja kwa sauti, kama anatoa ushahidi. Nami vidonge vikanikimbiza kwenye choo cha migombani tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilikijua kila kipande cha njia ile. Ukipewa vidonge hivyo, usitembelee watu asubuhi. Na ukae karibu na mlango kanisani.

Kila siku nilijaribu viatu. Kwanza vidole, kisha kisigino kwa shida. Siku mbili kabla ya kliniki viliingia vyote viwili, ila kamba hazikufungika vizuri. Juu ya kifundo bado palikuwa na uvimbe kidogo. Nikajiambia daktari ana mambo mengi, pengine hataangalia hapo.

Hospitali tulifika watatu, asubuhi, na sehemu ya kungojea ilikuwa imejaa. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya moyo, jua kwamba ni mahali pa kirafiki kuliko unavyofikiri. Watu hawana pumzi ya kugombana. Kulikuwa na mzee wa Kiarusha amejifunga shuka, ameketi mbele yangu na fimbo yake. Aliniuliza moyo wangu unafanyaje, nikamwambia unakimbia. Akasema wa kwake unachechemea, akaniuliza kama tubadilishane. Mama mmoja wa Moshi alikuwa anagawa ndizi mbivu kwa benchi zima, na kila aliyepokea aliuliza kwanza, "Hii ninaruhusiwa?"

Sista wa viatu vyeupe akaita jina langu. "Anayempikia ni nani? Anaingia mmoja."

"Ruthi," akasema mama.

"Mama," akasema Ruthi.

"Wewe ndiye umesoma, utamwelewa daktari."

"Siku zote hizi amekula kwako, mama. Nenda."

Mama akainuka. Alivaa gauni lake la Pasaka na kilemba. Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka michache tu, na mama alipoingia alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, daktari."

Daktari akaruka kutoka kwenye kiti. "Hapana, mama, hapana! Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba," akasema mama, lakini hofu haikumtoka.

Akanisikiliza kifua na mgongo kwa muda mrefu. Akaniambia nilale, nikalala, naye akatazama shingo yangu kama anasoma saa. Kisha akafika miguuni. Alinivua soksi mwenyewe, akabonyeza juu ya kifundo, akahesabu kimya, akatoa kidole. Nilinyanyua kichwa kutazama. Kishimo kilikuwepo. Si cha ndimu, labda cha punje ya hindi, lakini kilikuwepo.

Akachukua kadi. "Ulishuka vizuri mpaka hapa. Halafu ukapanda sana." Nilikuwa nimekwisha kuufuta ule uzito wa mnunuzi binafsi na kuandika wa ushirika, na tangu hapo sikuwa nimening'inia tena. "Vidonge uliacha?"

"Hapana, daktari. Hata siku moja."

"Chumvi?"

"Hapana."

"Mama, chumvi?"

"Hapana, daktari," mama akasema kwa sauti ndogo. "Niliigawa yote."

Daktari akainamia meza. Aliposema alisema taratibu, kwa huruma, na huruma hiyo ilinitisha kuliko ukali. "Unajua, Elisante, kama mtu anakunywa dawa zote, hali chumvi, na bado maji yanampanda hivi, maana yake moyo wenyewe umechoka kuliko tulivyofikiri. Mtu wa namna hiyo siwezi kumpandisha ndege. Itabidi safari hii..."

Nikamwangalia mama. Nilikuwa nimeahidi. Nilifungua mdomo bila kujua utatoka na nini, na mama akanitangulia. Alikuwa amesimama.

"Ni mimi," akasema. "Nilimtilia magadi."

Daktari akainua macho.

"Kwenye makande na kwenye mboga. Mwanzo kidogo, halafu mengi, kwa sababu alikuwa hali. Kila siku, mwezi mzima na zaidi. Tumeacha majuma mawili yaliyopita. Miguu ilikuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili, kana kwamba ameshika mgomba. "Sasa ni hivyo unavyoiona. Moyo wake hauna kosa, daktari. Kosa ni la chungu changu."

Halafu daktari akaegemea kiti akaanza kucheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyeona kitu cha nyumbani kwao mahali asipokitarajia.

"Magadi! Mama, mimi nimekuzwa Machame. Kiburu cha mama yangu, zile ndizi za maharage, bila magadi hakipo. Naulizia chumvi kila kliniki ninayokaa, na sijawahi kuulizia magadi." Akamwita sista. "Sista, tunawauliza wagonjwa habari za magadi?"

Sista akasimama mlangoni, akafikiri. "Hata mimi natia," akasema.

Daktari akarudi miguuni kwangu, akabonyeza tena, huku na huku. Akamwuliza mama siku ya kuacha ilikuwa lini, uvimbe ulishuka vipi, ninalalaje sasa. Mama akajibu kila swali kwa undani hadi nikaona aibu. Mwishowe daktari akachukua kalamu. "Kwa majuma mawili umeshuka hivi? Huo si moyo ulioshindwa. Ulikuwa unamwagiliwa tu. Endelea hivyohivyo, urudi wiki ijayo kabla sijaondoka nikuone miguu, na uanze kutafuta pasipoti."

Habari za India ni nyingi, na mtu niliyelala naye wodini huko alisema niliuliza maswali hata wakati naingizwa chumba cha upasuaji. Nilikwenda baada ya sindano mbili zaidi, nikarudi na kovu ambalo nalionyesha bila kuombwa. Lakini hayo wengine watakueleza vizuri kuliko mimi. Mimi nilitaka kukufikisha salama kwenye mlango wa kliniki. Kwa hiyo uliza kila kinachoingia chunguni, hata kile ambacho nyumbani kwenu hakina jina la chakula. Amini mizani isiyokufurahisha. Na anayekupikia asiogope kusema, maana daktari hana macho ya kuona jikoni kwako.

Tulipotoka, Ruthi alikuwa amesimama katikati ya njia, mkoba kifuani.

"Vipi?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya korongo: "Anakwenda! Na kumbe ni yale magadi niliyomtilia, nimemwambia daktari mwenyewe!"

Benchi zima likageuka. Yule mama wa Moshi mwenye ndizi akashika shavu. "Magadi? Yana nini magadi? Mbona mimi natia?"

"Unatia?" akasema mama.

"Kwenye kila kitu."

"Mimi pia," akasema mwingine kutoka mwisho wa benchi. Mzee wa Kiarusha akaacha fimbo yake, akasogea asikie.

Mama akaweka kikapu chini. Wakamwachia nafasi, akaketi katikati yao, akajiweka sawa kilemba. Sisi tulisimama tukasubiri. Tukaegemea ukuta tukasubiri. Ruthi akasema duka limefungwa tangu asubuhi, nikaenda nikamgusa mama begani.

"Mama, twende."

"Nendeni mkakae huko nje," akasema bila kugeuka. "Bado sijafika kwenye maharage."